Madam wa Dakika Kumi na Tano

Madam hakuvaa saa. Wageni waliokuja chuoni wakaambiwa kwamba yule mama mrefu mwenye ushungi wa kijivu ndiye anayesimamia muda wa taarifa ya habari ya wanafunzi, walimtazama mkono wa kushoto, wakamtazama wa kulia, kisha wakacheka wakidhani wanataniwa. Yeye hakucheka. "Ukiangalia saa humwangalii anayesoma," aliwaambia. "Na anayekula muda ni msomaji, siyo saa."

Sijui alizaliwa wapi hasa, wala wazee wake walikuwa kina nani. Nilijua tu kwamba kwao ni Handeni, kwamba Ijumaa mchana aliondoka na kikapu, na Jumapili jioni alirudi Korogwe nguo zikinuka moshi wa kuni. Zaidi ya hapo hakusema, na sisi hatukumuuliza. Alikuwa mtu ambaye ukimuuliza swali la pembeni anakutazama mpaka swali linakuchosha mwenyewe.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha mtu binafsi, kikifundisha utangazaji. Hakipo tena. Studio ilikuwa stoo ya zamani. Kuta zilifunikwa mablanketi ili sauti isirudi, na feni ilizimwa wakati wa kipindi kwa sababu ya kelele, kwa hiyo tulitoka humo tumelowa kama tuliovuka mto. Kila Alhamisi saa kumi jioni tulirusha taarifa ya habari moja kwa moja kupitia kebo ya mjini, ile iliyofika kwenye nyumba na maduka ya Korogwe na pembezoni. Mwenye kebo alitupa dakika kumi na tano. Zikitimia, umemaliza hujamaliza, anakukata na kurudisha filamu zake. Kabla Madam hajaja, mwenye kebo huyo alimkata msomaji wetu katikati ya neno "Mheshimiwa". Mji mzima ulibaki na "Mheshi", na kwa wiki nzima vijana wa stendi walitusalimia hivyo: "Mheshi, mambo vipi?"

Madam alikuja muhula uliofuata. Siku ya kwanza hakutufundisha kusoma wala kuandika. Alichora mstari ubaoni, akaweka nukta mwishoni, akasema, "Hapa ndipo tunapoanzia." Alituonyesha jinsi ya kuhesabu muda kutoka mwisho kurudi mwanzo: kwaheri sekunde kumi, kabla ya kwaheri michezo dakika mbili, kabla ya michezo hali ya hewa, hivyo hivyo mpaka salamu. Karatasi zetu alizipanga kwa kipimo chake. Mistari kumi na tano ni dakika moja, mstari mmoja sekunde nne. Lakini hakuwa mtumwa wa hesabu. Alikuwa na daftari dogo alimoandika mwendo wa kila msomaji. Alijua kwamba Shabani, msomaji wetu mkuu, anaanza taratibu na kukimbia akiogopa. Alijua binti mmoja anameza mate kila baada ya jina la mtu, na kila kumeza huko akakuhesabia nusu sekunde.

Nyuma ya kamera alisimama na vipande vya boksi la sabuni vilivyoandikwa kwa wino mzito: DAKIKA 2, SEKUNDE 30, FUNGA. Hicho cha FUNGA alikiinua polepole, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu anayeshusha bendera. Siku moja Mkuu wa Chuo mwenyewe alikuwa studio akitoa nasaha za mwisho wa muhula. Madam akainua FUNGA. Mkuu akaendelea. Madam akatoka nyuma ya kamera, akakisogeza karibu na pua ya Mkuu. Baadaye Mkuu alilalamika kwamba amedhalilishwa. "Dakika haina mjomba, mzee wangu," Madam alimjibu, kisha akamwandalia chai.

Maneno kama hayo alikuwa nayo mengi. "Habari siyo mchuzi, haiongezwi maji." "Neno ukilipenda mno, litakula nafasi ya mwenzake." Na siku zote alibeba habari moja fupi ya akiba, ya kujazia endapo muda utabaki. Muhula mzima ilikuwa tangazo la chanjo ya mbuzi. Haikusomwa hata mara moja, kwa sababu muda haukubaki. Nadhani mbuzi hao walizeeka wakisubiri.

Lakini mtu huyohuyo, akitoka mlangoni, alikuwa mwingine. Sokoni alisalimiana na wanawake wa kwao kwa Kizigua, akauliza habari za mtu mmojammoja, mpaka aliyetumwa kumwita akakata tamaa. Mwanafunzi akienda kumweleza shida aliketi naye saa nzima bila kumkatiza. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Dindira, kule milimani, nikawa nalia kila Jumapili kwa kukumbuka nyumbani, na yeye alinisikiliza habari za baridi yetu, za chai, za kanisa letu, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Chakula chake kikapoa. Niliwahi kumuuliza mbona darasani ni mkali kiasi kile. "Kule ndani ni muda wa watu wengi," alisema. "Hapa ni wangu, nakupa."

Hakuwa mpole kwa kila kitu. Mwaka ule alimfukuza studio kijana aliyechelewa mara mbili, na hakumrudisha hata mama yake alipokuja kumwombea. Alikuwa na kiburi cha kazi yake. Tulimwogopa, nami nilimwogopa na kumpenda zaidi ya wote, ndiyo maana siku aliponikabidhi ile saa ya kupimia mbio, iliyokuwa ya mwalimu wa michezo, nilihisi nimevishwa cheo.

"Nyinyi watu wa milimani mna mikono mitulivu," alisema. "Kebo ikitufungulia, muziki wetu unapoanza tu, bonyeza. Nikikuuliza zimebaki ngapi, nijibu. Usinijibu kwa kukisia."

Kwa hiyo mimi nilishika saa, yeye akashika muda. Tulifanya hivyo karibu mwaka, na hakuna neno letu lililokatwa tena.

Alhamisi ninayoisema ilikuwa siku ya mvua. Asubuhi lori lililobeba mahindi na watu juu ya magunia, likitoka upande wa Handeni, lilipinduka mtelemkoni. Hadi mchana tulijua ajali imetokea, hatukujua waliokufa. Ndugu walikuwa wamejaa kwenye geti la hospitali, na mwenzetu mmoja alitumwa akasubiri huko mpaka majina yaruhusiwe kutangazwa.

Saa kumi kebo ikatufungulia. Muziki ukaanza. Nami wakati huo nilikuwa na simu mkononi, chini ya meza. Kulikuwa na kijana mmoja wa Ngombezi aliyekuwa akiniandikia ujumbe siku zile; alikuwa ameniuliza jambo, nami nilikuwa namjibu. Niliposikia Shabani anasema "Hamjambo watazamaji" ndipo nilipobonyeza. Muziki wetu wa kufungulia ulikuwa wa sekunde arobaini. Nilijua pale pale kwamba nimechelewa. Nikajiambia nitaziongeza kichwani. Kisha ujumbe mwingine ukaingia, nikasahau.

Kipindi kikiwa kinakaribia mwisho, mlango ulifunguliwa na mwenzetu wa hospitali akaingia na karatasi imelowa. Majina manane. Madam aliisoma mara moja, akatoa kurasa za michezo mbele ya Shabani bila sauti, akanigeukia.

"Zimebaki ngapi?"

Nikatazama saa. "Dakika moja na nusu, Madam."

Nilimwona midomo ikicheza. Habari ya ajali mistari sita. Majina manane, na jina la marehemu halikimbizwi, kila moja sekunde tano. Inatosha, na kwaheri juu. Akamwekea Shabani karatasi, akamwonyesha kwa kiganja: taratibu.

Shabani alisoma vizuri kuliko siku zote. Alisema waliofariki ni wanane. Alisoma jina la kwanza na kijiji chake, la pili, la tatu, la nne, la tano. Alipofungua mdomo kusoma la sita, runinga ndogo tuliyoitumia kujitazama ikawaka rangi, muziki wa ngoma ukalia, na mwanamke fulani wa filamuni akaanza kumfokea mumewe.

Hakuna aliyesogea. Shabani, ambaye haioni runinga ile akiwa amekaa, aliendelea kusoma majina matatu yaliyobaki mpaka mwisho, akasema kwaheri.

Madam alimpigia simu mwenye kebo. Mwenye kebo alisema kipindi kimekwisha, njooni Alhamisi ijayo. Ndipo akaichukua karatasi. "Twendeni," alituambia mimi na Shabani. "Hawa watatu tutawafikia kwa miguu yetu."

Tulikodi bajaji. Familia mbili tulizikuta, moja Ngombezi kwenye nyumba za wakata mkonge, nyingine si mbali na hapo. Zote zilikwishajua, tulikuta vilio, tukatoa pole. Jina la saba lilikuwa la kijana wa Kwamndolwa, na zaidi ya hapo karatasi haikusema kitu. Tuliuliza nyumba hadi nyumba. Jina lilikuwa la kawaida, tulionyeshwa vijana watatu wazima wenye jina hilo. Simu ya mwenyekiti wa mtaa haikupatikana. Giza likaingia, mvua ikarudi. Madam akasema tutaanza tena alfajiri.

Asubuhi tuliipata. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye uwanja uliofagiliwa. Masufuria makubwa yalikuwa yameinamishwa kwenye ukuta, manyoya ya kuku yameganda kwenye tope. Mama mwenye nyumba alitoka akijifunga kanga, akawa anatabasamu kabla hatujasema lolote.

"Karibuni, karibuni. Mmekuja kwa ajili ya yule mwanangu? Jana aliniua kwa wasiwasi. Simu haipatikani, nami najua alikuwa anarudi na lori. Nikaenda pale dukani kwenye tivii, nikasikiliza majina mpaka mwisho, mpaka filamu ikarudi. Hayumo! Nimeita majirani, nimechinja jogoo wawili, tumekula tumemshukuru Mungu. Kimebaki kiporo, kaeni mle."

Akaingia ndani na kurudi na sahani ya wali. Akampa Madam. Madam akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "tuingie ndani."

"Ndani kuna nini? Semea hapahapa."

"Majina yalikuwa manane. Tulisoma matano, muda ukatuishia. La mwanao lilikuwa la saba."

Yule mama alitikisa kichwa kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Hapana," alisema. "Mimi nilisikiliza mpaka mwisho."

Sitaeleza kilichofuata. Majirani walitoka. Mmoja wao aliichukua ile sahani mikononi mwa Madam, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajui aiweke wapi.

Watu waliosikia kisa hiki nusunusu husema Madam alinikingia kifua. Si kweli, na ndiyo inayoniuma. Hakujua. Ijumaa ile mchana hakwenda Handeni; nilimkuta studio, mlango wazi, amezitandaza karatasi zote za kipindi sakafuni kwa mpangilio wake. Amepiga magoti na penseli, anahesabu mistari.

"Njoo unisaidie," alisema. "Macho yangu yanaweza kuwa yamechoka. Kuna mahali nimekosea, sipaoni. Hesabu hii ya barabara."

Nikapiga magoti. Nikahesabu. "Kumi na minane, Madam."

"Hata mimi napata kumi na minane." Akasogeza karatasi. "Hii ya maji."

"Ishirini na mmoja."

"Ishirini na mmoja," akarudia.

Tulihesabu karatasi zote, tukarudia, na kila mara hesabu ilikuwa sahihi, naye kila mara alivuta pumzi na kuanza upya. Saa ya kupimia mbio ilikuwa shingoni mwangu. Mara tatu nilifungua mdomo. Nilikuwa na miaka ishirini, baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe nisome, na nilimkumbuka yule kijana aliyefukuzwa kwa kuchelewa tu. Nilifunga mdomo.

Kikao kilikaa wiki iliyofuata. Mkuu wa Chuo aliuliza nani anahusika na muda. Niliangalia viatu vyangu. Madam alisimama. "Muda wa kipindi ni kazi yangu. Nilipiga hesabu vibaya. Andikeni hivyo." Mkuu, ambaye hakusahau ile FUNGA puani mwake, aliandika hivyo. Kipindi kikafutwa. Mwisho wa muhula mkataba wa Madam haukuendelea. Aliondoka siku ya Ijumaa kama kawaida yake, na kikapu, ila safari hii hakurudi Jumapili.

Kijana wa Ngombezi aliacha kuniandikia kabla mwaka haujaisha. Leo hata sura yake siikumbuki vizuri.

Mimi nilipata kazi redioni, na kazi niliyopewa ni hiyohiyo: kupanga muda wa taarifa. Naifanya kwa vipimo vya Madam. Wenzangu husifu kwamba taarifa zangu haziishi hewani vibaya. Kwa miaka nilijua anakoishi, nami sikwenda. Nilipita Handeni kikazi mara kadhaa nikiwa nimeegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, nikijifanya nimelala.

Nilikwenda mwaka jana. Nilitumwa kurekodi habari za ukame, kazi ikaisha mapema, nikamwomba dereva anishushe. Nilimkuta barazani kwake, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda kwa ajili ya goti, anapukuchua mahindi ndani ya ungo. Mkwe wake alikuwa jikoni.

"Shikamoo, Madam."

Aliinua macho. Alikuwa amezeeka, lakini utazamaji ulikuwa uleule. "Marahaba. Mtoto wa milimani! Hebu kaa. Nasikia jina lako likitajwa mwisho wa taarifa, unajua? Nawaambia majirani, huyo anayepanga hiyo taarifa nimemfundisha mimi. Hawaniamini."

Tuliongea habari za mvua iliyogoma, za goti, za Shabani ambaye sasa anauza spea za pikipiki. Kisha, bila mimi kumgusia, akasema mwenyewe.

"Nilikuja kuijua, ile hesabu. Kumbe ni ile habari ya barabara. Tulihesabu mistari, lakini Shabani alikuwa amechoka siku ile, alisoma polepole nami sikumsikia. Msomaji ndiye anayekula muda. Nilifundisha watu jambo hilo, mwenyewe likanipita." Alisema bila uchungu, kama mtu aliyekwishazoea mzigo wake na kujua unakaaje begani.

Sikuweza kuvumilia.

"Madam, haikuwa barabara. Haikuwa Shabani. Ni mimi. Nilichelewa kubonyeza saa. Nilikuwa naangalia simu."

Vidole vyake vikasimama juu ya gunzi.

"Ulichelewa kiasi gani?"

"Muziki wote. Sekunde arobaini."

Nilimwona midomo ikicheza, kama siku ile. "Basi zilibaki hamsini," alisema taratibu. "Majina manane, arobaini. Kwaheri, kumi. Tungesoma majina tu, zingetosha."

"Nisamehe, Madam."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Tulipokuwa tunahesabu pale chini, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Aliusogeza ungo pembeni, akaangalia uwanjani. Nilitamani anipige. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Yule mama wa Kwamndolwa, nilikuwa nakwenda kwake kila mwaka. Napanda basi, nakaa naye, namwomba radhi. Mwaka wa kwanza hakunifungulia mlango. Wa pili alifungua, hakusema. Baadaye akawa ananipikia. Lakini hakuwahi kutamka kwamba amenisamehe, nami sikumlazimisha, kwa sababu nilijua kosa ni langu. Alifariki mwaka juzi." Akageuka, akanitazama usoni. "Amekufa anajua ni mimi."

Yeye alishika nguzo, akainuka kwa taabu. Nilinyoosha mkono kumsaidia, hakuushika. Akaingia ndani akisema anakwenda kuswali.

Nilisubiri. Alasiri ilipita, kivuli cha nyumba kikavuka uwanja. Mkwe wake akatoka akijifuta mikono, hanitazami usoni.

"Mama anasema umsamehe, amelala. Anasema usimsubiri."

Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia ndani akitembea, akiburuta mguu mmoja, anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda tena.

Nikauvuta ule ungo. Mahindi yalikuwa yamebaki mengi, nami mikono yangu ilikuwa imesahau kazi hiyo. Magunzi yalinichubua kidole gumba. Niliyapukuchua yote. Hakuna aliyetoka kunizuia wala kunishukuru. Nilipepeta, nikamimina kwenye gunia lililoegemezwa mlangoni, nikayarundika magunzi pembeni kwa ajili ya kuni. Kisha nikasema "kwaheri, Madam" kwa sauti ya kusikika, nikasimama kidogo, na nyayo za ndani nazo zikasimama. Hazikujibu. Nikashuka kuelekea barabarani.